Hapa Umezika Nini?

Kila mgeni anayeingia uani kwangu kati ya Juni na Oktoba huuliza swali lilelile, kila mtu kwa namna yake. Wenye haya huzunguka kidogo: "Hapa mmepitisha bomba?" Fundi aliyekuja kurekebisha umeme aliuliza kama ni shimo la choo la zamani, maana aliogopa kusimamisha ngazi. Mama mkwe wangu hana habari ya kuzunguka. Siku aliyokuja kutoka Sikonge alishuka kwenye bajaji, akaweka chini furushi la karanga, akautazama ule mstatili wa udongo mtupu uliozungushiwa matofali ya kuchoma, na kabla salamu hazijaisha akasema, "Mwanangu, hapa umezika nini?"

Mstatili wenyewe una urefu wa hatua tatu na upana wa hatua moja na nusu, kando ya ukuta wa jiko. Nusu ya mwaka hauna jani. Nakubali unafanana na kaburi la mtoto. Kuna jirani nilimkuta asubuhi moja amesimama pale, kichwa kimeinama, mikono ameikinga. Nikarudi ndani polepole nisimkatize.

Kilichomo ni ua la porini. Kitaalamu linaitwa Gloriosa superba. Sisi nyumbani tunaliita ndimi za moto, jina alilolitoa binti yangu wa mwisho, na ukiliona Januari hutahitaji kuelezwa kwa nini. Ua lenyewe linaning'inia likitazama chini, lakini petali zake sita zimepinduka zikaelekea juu, kingo zimejikunja mawimbi mawimbi, shina la petali njano na ncha nyekundu, kama moto wa kuni kavu unavyopanda pembeni mwa sufuria. Linapofunguka huwa na ukijani. Siku inayofuata njano imetawala. Halafu nyekundu inashuka kidogo kidogo hadi ua zima linaelekea damu ya mzee. Kwa hiyo mmea mmoja ukiwa na maua saba, unaona rangi saba kwa wakati mmoja, na mimi nimewahi kuunguza wali kwa kusimama dirishani nikiyahesabu.

Ni mmea wa kudumu, lakini kudumu kwake kuko chini ya ardhi. Juu hufa kila mwaka.

Mimi si mzaliwa wa Tabora. Nimekulia Muheza, mkoani Tanga, ambako mvua zipo mbili, vuli na masika, na kijiti ulichochomeka ardhini bila kukusudia unarudi unakikuta kimechipua. Mume wangu ni mtu wa reli. Alipohamishiwa Tabora nikahama naye, nikapata kazi dirisha la dawa, na kitu cha kwanza nilichopanda kwenye nyumba tuliyopanga Ipuli kilikuwa asumini ya mama yangu, niliyoibeba ndani ya treni mizizi ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa kilicholowa. Asumini ilifika Julai. Septemba ilikuwa kijiti. Nikajaribu mawaridi, yakakauka. Nikajaribu maua ya kwenye ndoo, nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi bomba, kwa sababu enzi hizo maji ya Ziwa Victoria yalikuwa hayajatufikia na mtaani kwetu yalitoka kwa zamu. Mtu anayepanga foleni na ndoo ishirini kisha anammwagia waridi anatazamwa vibaya, na ni haki atazamwe hivyo.

Wengi huko nilikotoka wanadhani Tabora ni jangwa. Mvua ya hapa kwa mwaka inafika milimita 900 na ushee, si haba hata kidogo. Tatizo ni kwamba karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili, halafu mbingu inafungwa kama duka la mtu aliyesafiri. Juni na Julai usiku kuna baridi ya kuvaa sweta, mchana jua na upepo mkavu. Oktoba joto linapanda mpaka mabati yanalia. Mmea wa kwetu, uliozoea kupewa kidogo kidogo mwaka mzima, haujui afanye nini mtu aliyepewa mshahara wote Desemba. Bogenvilia inajua, lakini kila nyumba ya Ipuli ina bogenvilia, na mimi nilikuwa nataka changu.

Ndimi za moto nililiona mara ya kwanza kwa sababu ya pancha. Tulikuwa tunaenda Sikonge msiba, mwezi wa kwanza, tairi likapasuka katikati ya miombo. Wanaume wakahangaika na jeki, mimi nikaingia porini kujisitiri, na pale chini ya mti wa mtundu, kwenye kichaka kilichoungua kiangazi kilichopita mpaka kikabaki fito nyeusi, likawa limepanda hilo ua. Lilikuwa refu kunizidi. Lilikuwa limejishika kwenye zile fito kwa ncha za majani yake, kila jani limemalizikia kwenye kikono chembamba kilichojiviringa kama waya wa simu za zamani. Nilisahau nilichofuata.

Nikaomba panga la utingo nikachimba. Jambo la kwanza nililojifunza, ingawa wakati huo sikujua kwamba najifunza, ni kwamba kiazi chake kinakaa chini sana kuliko unavyotarajia, na ni chepesi kuvunjika kama biskuti. Kilikatika. Nikakichukua hivyo hivyo, na shina lake, na maua yake, nikakifunga kwenye gazeti. Msibani kikakaa siku mbili chini ya kiti cha gari. Nyumbani nikakipanda kwenye samadi tupu, nikakimwagilia asubuhi na jioni. Wiki moja, kwisha. Leo nikikumbuka najisikia vibaya, kwa sababu lile lilikuwa limestahimili moto wa miaka yote na halikustahimili wiki moja mikononi mwangu. Sitamchimbulia mtu tena ua porini, na kile kichaka chake siku hizi ni shamba la tumbaku. Nilipita mwaka uliofuata nikakuta visiki, na bani, lile banda la kukaushia tumbaku, limerundikiwa magogo mpaka kwenye paa.

Viazi vyangu vya sasa vilitoka kwa baba mdogo wa mume wangu, ambaye analima upande wa Uyui. Novemba, wakati wa kupandisha matuta, jembe lake huvikuta, naye huvirusha kwenye rundo la mawe mpakani ili ng'ombe na watoto wasivifikie. Kwake ni magugu tena magugu mabaya. Nilipomwomba, alicheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Chukua, lakini visiingie jikoni." Nilidhani ni ushamba wa wazee. Nitalirudia hilo.

Alinipa vitano. Kiazi cha ua hili kina umbo la herufi V, mikono miwili, kama pembe za ng'ombe aliyekonda. Kuna vingine mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Rangi ni ya viazi vitamu vyeupe vilivyooshwa. Mimi nikafanya hesabu ya mtu wa Muheza: muhogo unakatwa pingili, kila pingili inaota. Basi nikavikata. Viazi vitano nikapata vipande kumi na vinane, nikavipanga kwenye shimo nikijiona nimeshatajirika.

Vilichipua vinne.

Nikavifukua vilivyobaki, nikakuta ni vizima, vimekauka majeraha, lakini vingi havina dalili ya jicho popote. Nilipoviweka juu ya meza nikavitazama kwa utulivu ambao ningepaswa kuwa nao mwanzo, ndipo nikaona: jicho liko moja tu kwa kila mkono, kwenye ncha kabisa, pale pembe inapomalizikia. Hakuna jicho pembeni. Hakuna la akiba. Ukikata katikati umepata kipande kimoja chenye uhai na kimoja cha kutupa, na ukivunja ncha umevunja mwaka mzima. Hiyo ndiyo sababu yule wa pancha alikufa, mbali na mambo mengine. Siku hizi nikitaka kuzidisha, nachukua kiazi chenye mikono miwili, natenganisha pale kwenye kona ya V, nakiacha kidonda kikauke kivulini siku mbili, tatu, halafu nakilaza ubavu kwenye udongo, kina cha vidole vinne au vitano hivi. Nakilaza, sikisimamishi. Na navaa glovu za kazini, kwa sababu utomvu wake unawasha ngozi.

Udongo wa Ipuli ni kichanga, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nilikuwa na mmea unaofurahia kichanga. Kwenye mawaridi nilikuwa nanunua udongo wa kichuguu na samadi kwa mkokoteni. Hapa nilichanganya mboji kidogo basi. Maji yakipita chini haraka ndivyo unavyopenda.

Ile minne iliyochipua ilipanda kwa kasi ya ajabu, nami nikaikatia mianzi minene ya kupandia, nikaichimbia kama nguzo za maharage. Mimea ikainuka, vikono vikanyoosha kutafuta pa kushika, vikagusa mwanzi, vikateleza, mmea ukalala chini. Nikaufunga kwa kamba ya katani. Shina likavunjika, maana ni laini na lina maji. Kikono cha jani ni kifupi, hakiwezi kuzunguka kitu kinene kuliko kalamu. Kinataka kijiti, waya, njukuti za chelewa, kichaka kikavu. Porini nilikuwa nimeona kabisa lilivyoshika fito nyembamba na sikuzingatia. Macho yalikuwa kwenye ua.

Basi nikapata wazo ambalo lilionekana zuri: mbaazi. Ninayo mistari miwili ya mbaazi upande wa uzio, inavumilia ukame, matawi yake ni membamba, kivuli chake chepesi. Mwaka wa pili niliweka viazi viwili chini ya mbaazi, na kwa kweli sijawahi kuona kitu kizuri kama ule moto ndani ya yale majani ya kijani ya vumbi. Vipepeo wakubwa walikuwa wanakuja kuning'inia hapo, mabawa yanagusa zile nyuzi sita zinazotawanyika chini ya ua kama fito za gurudumu. Ndege chozi pia alikuja. Nikapiga picha nikamtumia mama Muheza. Mbaazi nikaja kuing'oa mwenyewe, kwa sababu nitakayoieleza.

Lakini kwanza kiangazi.

Tuseme ukweli, mtu anaweza kusoma mahali kwamba mmea fulani "hulala" wakati wa ukame na akaelewa kila neno, halafu usiku asilale. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wa kwanza majani yalianza kuwa manjano kutoka chini. Mei shina likakauka, likawa bua. Mimi nikaona ugonjwa. Nikaongeza maji. Nikaweka samadi mbichi kuzunguka. Juni, baridi ya usiku, mimi na ndoo yangu, jioni baada ya jioni, nikimwagilia udongo mtupu huku mume wangu amekaa barazani na chai anatazama. Hakusema kitu. Baadaye aliniambia alidhani ni tambiko la Kitanga.

Septemba nikashindwa kuvumilia, nikafukua. Harufu ndiyo iliyonipokea. Viazi vitatu kati ya vinne vilikuwa uji. Unashika ganda, ndani hamna kitu isipokuwa majimaji ya kahawia. Cha nne, kilichokuwa mwisho kabisa ukutani, chini ya upenu, ambako mkono wangu ulikuwa mvivu kufika na ndoo, kilikuwa kizima, kigumu, kimeng'aa, tena kikubwa kuliko nilivyokipanda. Kando yake kulikuwa na ganda jembamba lililosinyaa kama soksi. Nikaelewa kwamba hicho kilichosinyaa ndicho nilichopanda mimi. Kila msimu kiazi cha zamani hujimaliza chote kwa kusukuma shina na maua, na majani yanapofanya kazi juani hujenga kiazi kipya pembeni. Kwa hiyo yale majani ya njano ya Aprili yalikuwa yanamalizia kushusha akiba chini. Kile nilichokiona ugonjwa kilikuwa ni mtu anafunga mizigo.

Kiazi cha ukutani kilipona kwa sababu ya uvivu wangu. Nimejaribu kulisema hili kwa namna ya heshima zaidi, halisemeki.

Kutomwagilia ni jambo jepesi likielezwa, gumu likitendwa, hasa Tabora, ambako kila kitu uani kina mtu wa kukishughulikia. Uwanja wa kwetu unafagiwa kila asubuhi mpaka alama za ufagio zinaonekana kama mistari ya daftari. Jani likianguka linachomwa. Udongo ukikaa mtupu unaonekana ni uzembe wa mwenye nyumba. Mwaka wa tatu nilijizuia kabisa, sikutia hata tone tangu Mei, nikiamini nimeweza. Agosti nikaenda Muheza wiki mbili. Kijana anayetusaidia kazi, mtu mwema, mchapakazi kupita kiasi, akaona pale kuna nafasi inakaa bure, akalima, akapanda mchicha, akamwagilia. Niliporudi mchicha ulikuwa umependeza sana. Nikampongeza, nikaingia chumbani nikakaa kitandani.

Jembe lake lilivunja ncha saba. Nilizihesabu.

Ndipo yakaja matofali. Nilitaka tu kijana ajue mpaka. Sikufikiria kaburi.

Mama mkwe alipouliza alichouliza nilimweleza, ni ua, limelala, litatoka mvua zikianza. Akanitazama kama mtu anayesikiliza ahadi ya mgombea. "Ua gani halina jani nusu mwaka?" Yeye ana bustani yake Sikonge, na kwake kilicho ardhini bila jani ama kimekufa ama ni cha kula. Alikaa kwetu mpaka mvua, kwa ajili ya macho yake yaliyokuwa yanatibiwa. Mwaka huo mvua iligoma. Novemba ikapita na matone mawili, matatu. Watu walikuwa wamepanda mahindi kwa mvua ya kwanza ya kudanganya, yakachipua, yakaungua, wakapanda tena. Ndani ya matofali kimya. Nilikuwa nakwenda kutazama kila asubuhi nikijifanya naanika kitambaa. Mvua yenyewe ilifika katikati ya Desemba, usiku, ya kishindo, na siku ya tisa nikaona ncha ya kwanza imetoboa udongo, imechongoka kama penseli ya kijani. Kesho yake tatu. Ile mvua ya kudanganya haikukidanganya kiazi. Kina cha vidole vitano hakikupata unyevu. Nilimwita Mama aone. Akaja, akainama, akasema, "Kumbe."

Januari likafunguka la kwanza. Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Akaliona kwa mbali, akasimama, ungo ukabaki mkononi.

"Hiki! Mwanangu, hiki ndicho ulichokuwa unakingojea?"

Akaniuliza nimekitoa wapi, nikasema kwa baba mdogo. Akaniuliza kama watoto wanajua. Wanajua nini? Ndipo akanishika mkono akanikalisha, na nikasikia kwa kirefu kile ambacho baba mdogo alikisema kwa maneno manne. Hakuna sehemu ya mmea ule isiyo na sumu, na kiazi na mbegu ndivyo vibaya zaidi. "Kijijini kwetu," alisema, "mtu aliyekutwa na kiazi hiki mfukoni alikuwa na maelezo ya kutoa."

Aibu niliyoipata haikuwa ya mkwe. Ilikuwa ya kazi. Usiku ule nikasoma, nikakuta kwamba sumu iliyomo ni kolkisini. Kolkisini! Dawa ya jongo. Ninavyo vidonge vyake kabatini kazini, vya nusu miligramu, na baba mkwe wangu mwenyewe, kidole gumba cha mguu kikimwaka, ndivyo anavyokunywa, na mimi ndiye ninayemwandikia kwenye bahasha kwa herufi kubwa asizidishe, kwa sababu ni dawa ambayo kati ya kutibu na kudhuru hakuna uwanja mpana. Mtu aliyekula kiazi anaweza kukaa saa kadhaa bila kuona kitu. Kisha matapishi na kuhara kusikokoma, na baada ya hapo mwili unazimika chumba kimoja kimoja: figo, uboho, moyo. Wanaopona, baadhi yao nywele huwatoka siku za baadaye. Dawa ya kuikata sumu hiyo haipo ya kawaida hospitalini. Kinachofanyika ni kumshikilia mgonjwa na kumpa maji mpaka mwili ushinde au ushindwe. Miaka mitatu nilikuwa nimekilima kitu hicho futi sita kutoka jikoni, na viazi vya akiba nimeviweka, Mungu anisamehe, kwenye kikapu darini karibu na michembe.

Watu wa nje ya huku hawataelewa hatari ya sentensi hiyo. Kiangazi cha Unyamwezi kinaliwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vibichi au vya kuchemshwa. Wapo wanaosema hata jina la Tabora limetokana na matobolwa. Mtoto anakua akijua kwamba kitu cheupe, kikavu, chenye umbo la kiazi, kilicho kikapuni, kinatafunwa. Nilipanda darini usiku uleule na tochi.

Kesho yake nikang'oa ile mbaazi. Vitumba vya mbegu za gloriosa ni vya kijani, virefu kama bamia fupi nene, na vilikuwa vinaning'inia katikati ya maganda ya mbaazi ambayo binti zangu huchuma jioni kwa giza giza. Hakuna aliyewahi kukosea. Mama alisema hakuna aliyewahi kukosea mpaka siku anapokosea, na sikuwa na la kujibu.

Nilidhani angeniambia niyateketeze yote. Hakusema hivyo. Tulikubaliana mambo: viazi havihifadhiwi tena ndani, vinakaa ardhini kiangazi chote, maana ndiko vilikozaliwa, nikivifukua ni kwa kazi maalumu, naye au mimi tupo, ndani ya matofali hakupandwi kitu cha kuliwa, wala nje yake kwa hatua mbili, mbuzi wa jirani wazibiwe uzio, jembe linaloingia mle haliingii kwenye viazi vitamu bila kuoshwa. Watoto wakafundishwa jina na ubaya wake kwa pamoja. Hili la mwisho alilisisitiza yeye. Alisema mtoto akiambiwa "usiguse" bila kuambiwa kwa nini, atagusa ili ajue kwa nini.

Nikamwambia, kujitetea kidogo, kwamba Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Kwamba Tamil Nadu, huko India, wakulima wanalilima mashamba mazima kwa ajili ya mbegu za kutengenezea dawa hiihii, na wanalichavusha ua moja moja kwa mkono. Kwamba mwaka 1947 watoto wa shule wa Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, walimzawadia Elizabeth, kabla hajawa malkia wa Uingereza, bruchi ya almasi yenye umbo lake. Alisikiliza yote.

"Ya almasi," akasema, "haina kiazi."

Siku hizi ninayo mimea kumi na moja. Nimeichomekea matawi makavu ya miiba niliyoyaokota baada ya watu kupunguza uzio, vikono vinayashika vizuri na mbuzi wanayaheshimu. Msimu mzima wa mvua simwagilii hata mara moja, labda mvua ikikata wiki mbili Januari maua yakiwa yamefungana. Mbolea ni kiganja cha mboji Novemba. Kazi yote niliyonayo ni Mei mpaka Oktoba, nayo ni kuzuia watu, nikiwemo mimi. Bado Julai usiku, nikisikia jirani anamwagilia bustani yake, mkono unaniwasha.

Mbegu nimeanza kuzijaribu pia. Kitumba kikikauka kinapasuka pande tatu na kuonyesha mbegu nyekundu zenye nyama, nzuri kiasi kwamba nazichuma kabla hazijapasuka, watoto wa watu wasije wakadhani shanga. Kopo la kwanza lilikaa miezi mitatu bila kitu, nikalimwaga, na kwenye udongo niliomwaga karibu na karo vikachipua viwili wiki moja baadaye. La pili lilitoa vijani vyembamba kama nyasi, kiangazi vikapotea, Novemba vikarudi vinene kidogo. Havijatoa ua, ni msimu wa tatu au wa nne ndipo naweza kutazamia. La tatu lipo juu ya tangi la maji, nimeliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na chini ya tarehe, kwa herufi kubwa kama ninazoandika kwenye bahasha za dawa: USIMWAGE.

Mama alirudi Sikonge Machi. Oktoba amenipigia, anataka viazi viwili, vya kupanda mbali, mpakani, ng'ambo ya mawe. Nimemwambia avumilie kidogo, sifukui mpaka matone ya kwanza. Akaniuliza kama nina hakika vipo.

Nimemwambia sina njia ya kujua.

"Basi," akasema, "usichimbe kutazama."